Jinsi ya Kupika Mchuzi wa Wavuvi wa Italia Kolandoto, Bila Kuiona Bahari

Anza kwa kutokwenda Dar es Salaam.

Kishawishi nakijua. Umeona picha ya chungu chenye mchuzi mwekundu: kamba wamekunja mikia, kome wamefumbua, vipande vya pweza vimelala ubavuni, pembeni chupa ya divai. Kisha ukajitazama ulipo. Uko Kolandoto, nje kidogo ya Shinyanga mjini, pale barabara ya Mwanza inapoachana na ile ya Lalago na Mwanhuzi. Kwa barabara, Bahari ya Hindi iko karibu kilomita 1,000 kutoka jikoni kwako. Wengi wakifika hapo huiacha picha na kurudi kwenye maharage. Wachache wenye moyo mgumu humpigia simu shemeji wa Dar awanunulie kamba Feri, awafungashe kwenye boksi la barafu, awapandishe basi.

Usimpigie. Ukiona mkono unatafuta simu, upe kitunguu umenye. Kamba aliyeyeyuka njiani, akafika Shinyanga akiogelea kwenye maji ya barafu yake mwenyewe, kisha akagandishwa tena kwenye friji ya jirani, atakulaza kitandani siku mbili. Hata akifika salama, utakuwa umemlipia nauli mgeni asiye na la kuongeza mezani. Mchuzi unaoutaka unaweza kupikwa Kolandoto kwa samaki wanaofika Kolandoto, ukawa mchuzi kamili, na sababu imo ndani ya historia ya chakula chenyewe.

Italia mchuzi huu una majina mengi na ugomvi mwingi. Livorno, mji wa bandari wa Toscana, huuita cacciucco, na wenyeji hushikilia kwamba ukiwa na aina za samaki pungufu ya tano bado hujapika kitu. Upande wa pili wa nchi, pwani ya Adriatiki, huitwa brodetto, na kila bandari ina wake: Ancona huhesabu aina 13 za samaki, Vasto hupika kwenye chombo cha udongo na hawataki mwiko uguse samaki akishaingia. Wavuvi wa Liguria waliohamia San Francisco karne ya 19 waliupika kwa kaa wa huko na samaki wa huko, ukaitwa cioppino, na leo Wamarekani wanauhesabu kuwa wao. Miongoni mwa watu hao wote, hakuna aliyeagiza samaki kutoka mbali. Mvuvi alipeleka sokoni samaki wanene wenye bei. Waliobaki chini ya mashua, wadogo, wenye miiba, waliochubuliwa na nyavu, wenye sura za kutisha watoto, ndio aliorudi nao nyumbani. Mkate ulikuwa wa juzi. Hata nyanya ilikuwa mgeni: ilivuka bahari kutoka Amerika karne ya 16, na ilikaa muda mrefu bila kuaminiwa na walaji wa Ulaya.

Kwa hiyo anayekwambia huwezi kupika bila kamba na kome, mkaribishe kiti, mpe chai, lakini usimpe nafasi jikoni. Kanuni ya chakula hiki ni moja tu: pika kilichobaki mnunuzi tajiri akishaondoka. Na kwa kanuni hiyo Kanda ya Ziwa inaustahili mchuzi huu kuliko mahoteli mengi yanayouuza.

Afrika Mashariki mahoteli hayo yako zaidi Malindi. Waitaliano walifika pale kwa wingi miaka ya 1960 na mradi wao wa anga wa San Marco, ambao uliweka jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni. Setilaiti yao ya kwanza kurushwa kutoka hapo iliondoka Aprili 1967. Baada ya mafundi wakaja watalii, baada ya watalii wakaja wenye hoteli, na leo Malindi kuna wauza matunda na waendesha bodaboda wanaojadiliana bei kwa Kiitaliano safi. Mchuzi wa samaki wa huko una kambakoche na ngisi, na bei yake inalingana na mahali. Ule ukipata nafasi. Ila usiufanye kipimo chako, maana umekwisha kuhama upande: umekuwa chakula cha yule mnunuzi tajiri.

Sasa mtazame sangara, kwa sababu yeye ndiye nguzo ya mchuzi wako.

Sangara naye ni mgeni kama nyanya. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezaana kupita kiasi na kuwatafuna furu hadi aina nyingi zikapotea. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na miji mingine ya kandokando ya ziwa. Tangu hapo samaki mmoja hugawiwa mabara. Bondo, yaani kile kifuko cha hewa cha tumboni, hutolewa mapema na kuthaminiwa kuliko nyama, husafirishwa Asia. Minofu hukatwa, hupozwa, hupelekwa Ulaya, Italia ikiwemo. Kinachobaki ni kichwa, mgongo na mkia, na hivyo ndivyo tunavyoviita mapanki. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper iliyoitwa Darwin's Nightmare iliionyesha dunia mapanki hayo kama sura ya unyonge wetu, na kelele zake zilifika hadi juu serikalini. Unyonge upo: uko kwenye bei, na kwenye swali la nani anakula nyama na nani anakula mfupa. Haujaisha na mimi siufichi. Lakini kichwa chenyewe hakina hatia. Kichwa kibichi cha sangara kina mafuta, kina ute unaoupa mchuzi uzito, kina nyama ya mashavuni ambayo ni tamu kuliko mnofu wowote uliopanda ndege. Mvuvi wa Livorno akikabidhiwa kichwa kama hicho angekibusu mbele za watu.

Basi minofu imekwenda Italia na kichwa kimebaki Shinyanga. Kwa kanuni ya waliobuni mchuzi huu, aliyebaki na kichwa ndiye mpishi.

Kabla ya kununua chochote, wahoji wageni wako. Hili ni la lazima, na Usukumani ni la lazima mara mbili. Katika meza moja ya hapa anaweza kukaa Msabato asiyekula samaki asiye na magamba, Mwislamu asiyegusa chakula chenye divai, na muumini wa Africa Inland Church (AIC) ambaye kwake pombe haiingii nyumbani hata kama imechemka ikaisha. Kolandoto ni mji wa misheni. Hospitali yake na chuo chake cha afya vimekua kutoka kazi ya wamisionari wa Africa Inland Mission. Usimfiche mtu kilichomo chunguni kwa matumaini kwamba hatagundua. Muulize waziwazi: "Mama mkwe, kambale unakula?" Akisema hapana, furahi, maana amekurahisishia soko. Sangara, sato, ningu, furu na dagaa wote wana magamba, na kwa hao watano mtu wa Livorno hana la kukuuliza.

Divai nayo isikunyime usingizi. Livorno huweka divai nyekundu, na ukiwa na nyumba inayoruhusu, Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka na divai yao inatosha kabisa. Lakini pwani ya Adriatiki ni kawaida kutumia siki, na wanaupenda hivyo. Kwa hiyo siki unayoiweka kwenye kachumbari inakupeleka moja kwa moja Italia bila kumkwaza mchungaji. Ukwaju ulioloweshwa ukachujwa nao hufanya kazi, na kwangu mimi hufanya vizuri kuliko siki ya chupa, kwa sababu uchachu wake una utamu kidogo nyuma yake.

Soko sasa. Samaki wa Shinyanga hutoka Mwanza, kama kilomita 150 hivi kaskazini, na wengine hutoka mialo ya upande wa Geita kama Nkome. Wakavu wengi hupitia Mwaloni, Kirumba. Wabichi hufika asubuhi kwenye matenga na maboksi, na hapo ndipo unapotakiwa kuwepo mapema, ukiwa umekunywa chai, ukiwa na macho. Jicho la samaki liwe limetuna na linang'aa, likizama, mwache. Fungua tamvua: liwe jekundu, likiwa la kahawia, mwache. Bonyeza ubavu: nyama irudi, shimo la kidole likibaki, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Kisha uliza.

"Mayu, sato huyu kafika lini?"

"Leo alfajiri, mwanangu."

"Na hiki kichwa?"

Hapo usikilize kimya kinachofuata. Muuzaji mkweli atakwambia kichwa ni cha jana, atakupunguzia bei, na wewe utakiacha hata hivyo, kwa sababu kichwa cha sangara kina mafuta mengi na mafuta ya samaki huvunda upesi. Hakuna kiungo duniani kinachofufua supu ya kichwa kilicholala bila barafu. Pilipili haifufui. Tangawizi haifufui. Ukikosa kichwa cha leo, pika siku nyingine.

Sato asiwe chini ya sentimita 25, sangara asiwe chini ya 50. Hivyo ndivyo kanuni za uvuvi zinavyotaka, na sababu yake haihitaji msomi: aliyevuliwa kabla ya kuzaa hana wa kumrithi. Beba kipimo cha fundi cherehani mfukoni ukitaka. Muuzaji atacheka, wateja watacheka, na mara ya pili atakuwekea wakubwa pembeni.

Neno moja kwa ndugu zangu wa machimboni, kuanzia Geita hadi Kahama. Kambale ana tabia ya kuishi kwenye dimbwi lolote, hata lile mnaloachia maji ya kuoshea dhahabu. Usimpike huyo. Zebaki inayokamatia dhahabu huingia kwenye tope, kutoka kwenye tope huingia kwenye samaki, na haitoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Anayeumia kwanza ni mtoto aliye tumboni. Kambale wa mchuzi huu atoke ziwani au kwenye bwawa linalojulikana, na kama huna hakika na alikotoka, chungu kitafurahi bila yeye.

Kwa walaji wanane utahitaji kichwa kimoja kikubwa cha sangara, nusu kilo ya vipande vya sangara vyenye mfupa, sato wawili waliokatwa vipande vitatu vitatu, kambale mmoja wa kubanikwa kama wageni wameruhusu, furu au ningu kwa kadiri soko lilivyokujalia, na gao moja la dagaa wa Mwanza. Nyanya kumi zilizoiva hadi zinalegea, vitunguu vitatu, kitunguu saumu kizima, pilipili mbili, siki vijiko vitatu, chumvi, na mafuta nusu kikombe. Mtaliano hutumia mafuta ya zeituni. Wewe uko kwenye ardhi ya pamba. Mafuta ya mbegu za pamba ni ya nyumbani, na ya alizeti kutoka Singida yako kila duka. Tumia yaliyopo. Kama bustanini kuna mrehani au giligilani, chuma majani machache na uyaweke kando hadi mwisho.

Kama mjomba wa Kilwa au Tanga amekuja kukutembelea na pweza mkavu kwenye mzigo wake, mpokee mjomba na umpokee pweza. Huyo amesafiri kwa akili: amekaushwa, hakuhitaji barafu. Mloweke usiku kucha, mchemshe peke yake hadi alainike, ndipo umkaribishe chunguni pamoja na wenzake wa maji baridi.

Anza na supu ya kichwa. Kipasue katikati, ondoa matamvua yote bila huruma kwa sababu ndiyo yanayoleta uchungu, kioshe kwa chumvi na ndimu. Kiweke kwenye sufuria pamoja na vipande vya mgongo kama umevipata, mimina maji baridi hadi yakifunike, na uanzie moto mdogo. Maji yenyewe, kama ni ya bomba, yanatoka Ziwa Victoria: husukumwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Yaani samaki na maji yake wamesafiri kwa njia mbili tofauti na wanakutana jikoni kwako. Wapokee kwa upole. Toa povu linalopanda. Dakika 30 zinatosha. Ukiacha mifupa ichemke kutwa, supu huwa chungu na nzito kama gundi. Kichwa kitoe kizima, ukiweke kwenye sahani na kukifunika. Supu ichuje mara mbili, maana mwiba mmoja kooni mwa mgeni hufuta sifa zako zote.

Dagaa watakuwa kazi ya pili, na kwangu hapa ndipo mchuzi unapopata roho. Wapishi wa Italia huyeyusha samaki wadogo waliotiwa chumvi kwenye mafuta ya moto ili mchuzi upate kina. Wewe una dagaa. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, hasa kama walianikwa mchangani. Walioanikwa kwenye vichanja huwa safi zaidi na wanastahili ile bei ya juu kidogo. Toa vichwa, wakaushe, wakaange bila mafuta hadi wakauke na kunukia, kisha uwatwange kwenye kinu wawe unga. Kijiko kikubwa kimoja na nusu cha unga huo ndiyo siri yako yote. Usiwaambie wageni hadi wamalize kusifu, isipokuwa wale waliokutajia miiko yao. Hao waambie mapema.

Weka chungu juu ya jiko la mkaa. Nasema chungu kwa makusudi. Vasto wanapikia udongo na sisi tuna wafinyanzi. Chungu hupata joto taratibu na kulishikilia, samaki huiva bila kuchapwa na moto. Kama huna, sufuria nzito itafaa. Mafuta yakipata joto la wastani, tia vitunguu na uwe mvumilivu. Visiwe vya kahawia, vilegee tu na kung'aa. Kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili, unga wa dagaa. Koroga kidogo hadi nyumba nzima ijue unapika nini. Siki iingie hapo, iache ichemke hadi ule ukali wa puani uondoke. Kisha nyanya zilizokunwa. Zipike hadi maji yake yaishe na mafuta yajitenge pembeni. Mpishi anayefanya haraka hapa atakula mchuzi wenye ladha ya nyanya mbichi, na atalaumu samaki.

Katika hatua hii atafika shangazi. Hata kama hukumwalika, harufu imemwalika. Atakuwa na mapendekezo matatu: unga wa viungo wa pakiti, tui la nazi, au karanga za kutwanga. Mjibu kwa heshima zote, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kina chakula chake ambacho kinakipenda. Samaki wa nazi ni chakula kikubwa cha pwani. Karanga na mboga kavu ni utajiri wa Usukumani. Ila hapa tunataka kumsikia samaki na nyanya, na viungo vya pakiti vina sauti ya juu mno. Mwambie hivi: "Shangazi, mkate ndio unaonishinda, naomba mkono wako." Mpe jiko la pili, mpe mkate, na atakuwa mshirika wako hadi mwisho wa siku.

Mimina supu juu ya nyanya, ichemke dakika kumi, onja chumvi. Sasa samaki, na hapa utaratibu ni sheria. Aliyekauka na mgumu huingia kwanza: kambale wa kubanikwa, ambaye pia analeta moshi wake, kitu ambacho Ancona na aina zao 13 hawana. Mpe dakika kumi. Wafuate vipande vya sangara, dakika tano. Kisha sato, kwa sababu nyama yake ni laini. Furu wadogo waje mwisho kabisa, walale juu, wafunikwe, wapikwe kwa mvuke. Tangu sangara anapoingia, mwiko umekwisha kazi. Uondoe jikoni, umpe mtoto akauoshe. Ukitaka kuchanganya, shika chungu kwa vitambaa viwili na ukizungushe kidogo huku na huku. Ukikoroga utapata uji wa miiba, na hakuna jina la Kiitaliano litakaloufanya uwe kitu kingine.

Dakika saba au nane baada ya furu kuingia, epua. Rudisha kile kichwa juu, katikati, uso ukitazama mbinguni. Nyunyiza majani. Funika kwa dakika tano, usifunue kumwonyesha mtu.

Mkate. Nataka nikae kidogo hapa kwa sababu watu wengi huharibu mwisho. Nunua mkate jana. Mkate wa leo ni laini, ukiloa unavurugika. Ule uliolala ukate vipande vinene, shangazi aubanike juu ya mkaa hadi upate alama za moto, kisha kila kipande kisuguliwe kwa punje mbichi ya kitunguu saumu wakati bado ni cha moto. Weka kipande chini ya bakuli, mwagia mchuzi juu yake, panga samaki. Hivyo ndivyo Livorno wanavyofanya na hawajakosea. Ugali wa dona ni wa pili kwa ubora, na kama mlaji ni mkulima aliyetoka kupalilia, huenda ukawa wa kwanza. Wali wa Shinyanga ni mtamu, lakini unaficha mchuzi badala ya kuubeba. Michembe usiiweke humu. Naipenda michembe na karanga zake asubuhi ya mvua, lakini utamu wa viazi na uchachu wa nyanya hugombana, na samaki ndiye anayeumia.

Maji ya kunawa yapite kwanza. Mchuzi huu huliwa kwa mkono, kijiko kikiwa msaidizi. Weka bakuli tupu katikati kwa ajili ya miiba, na watoto wachambuliwe samaki na mtu mzima mwenye subira. Furu ana miiba mingi kuliko nyama. Kichwa apewe mkubwa kuliko wote mezani. Kama mkubwa huyo ni mzee wa heshima, atakipokea, atakigeuza, atatoa nyama ya shavu moja na kumpa mpishi. Asipofanya hivyo, mkumbushe kwa kukohoa.

Chakula kisibakishwe. Kwa joto la Shinyanga na friji inayotegemea umeme wa siku hiyo, chakula hiki kiishe leo. Jirani yupo, na wanafunzi wa chuo wanaoishi wanne wanne kwenye chumba chenye jiko moja wapo. Bakuli moja likivuka ua, siku moja litarudi na kitu.

Nina ombi kwa wenye viwanda na wenye magari ya samaki. Minofu hulala kwenye barafu tangu inapokatwa hadi inapofika mezani kwa mtu wa Milano. Kichwa cha samaki yuleyule hutupwa kwenye gari wazi, hupigwa jua, na kufika kwetu kikiwa nusu chakula nusu hasara. Tofauti kati ya mapanki yaliyotuaibisha kwenye filamu na mchuzi niliouelekeza hapa ni barafu tu. Wekeni barafu kwenye vichwa. Sisi tutalipia tofauti ya bei, na wewe msomaji, ukifika kwa muuza samaki asubuhi, uliza kichwa kabla hujauliza kitu kingine, ili ajue kwamba kina mnunuzi.